Mashimo 87: Mkeka wa Chuma, Udongo Mweusi na Hesabu Ambayo Sisi Hatufanyi

Kuna karakana ya malori hapa Kutus, upande wa kuteremka kuelekea Kimbimbi, ambayo mlangoni kuna kipande cha chuma nimekipita maisha yangu yote bila kukiangalia. Ni kirefu kuliko mtu, kina mashimo ya duara, kimeshika kutu lakini hakijaoza. Lori likikwama baada ya mvua, fundi anakivuta kwa mguu, anakisukuma chini ya tairi, dereva anakanyaga mafuta, gari inatoka. Mwezi wa nne nilienda pale kushuti klipu ya malori yaliyozama. Mvua ikatufungia chini ya bati karibu saa nzima, simu imeisha chaji, na kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya nikaanza kuhesabu mashimo. Safu tatu. Kila safu 29. Jumla 87.

Nikashtuka kidogo, kwa sababu hiyo namba naijua.

Wale mnanifuata kitambo mnajua nilikuwa nasoma uhandisi wa ujenzi kabla karo initoe. Nilifika mwaka wa pili. Vitu vingi vya darasani vimenitoka kichwani, lakini kuna mhadhara mmoja wa udongo ambao lekchara alituonyesha picha ya mkeka wa chuma wa uwanja wa ndege, futi 10 kwa inchi 15, mashimo 87, akasema huu ndio ulibeba ndege za vita ya pili ya dunia juu ya matope. Darasa likacheka kwa sababu kwa picha kilikaa kama kitu cha kuchomea nyama. Sasa nilikuwa nimesimama juu yake, Kutus, na viatu vimejaa tope.

Nikamuuliza fundi alikitoa wapi. Akasema aliyekuwa mdosi wake alikinunua kwa wauza skrepu Nairobi, miaka mingi sana, na aliambiwa ni "vya jeshi." Jeshi gani? Akaniangalia kama mtu anayeuliza mbuzi alikuwa wa kabila gani. "Kijana, ni chuma."

Sawa. Wacha basi niwape stori ya hicho chuma, halafu tutarudi hapo mlangoni.

Mwaka 1941 Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani, lakini jeshi lake lilikuwa na shida ambayo mtu yeyote wa Mwea anaielewa bila kuchorewa: mizigo imekuwa mizito na udongo umebaki vile vile. Ndege za mwanzo zilitua kwa nyasi. Zikaja za injini mbili, zikaja za injini nne zilizojaa mabomu, na hizo zikitua kwa nyasi baada ya mvua zinazama kama lori la mchele. Kumwaga zege kunataka miezi, na vita haingoji zege ikauke. Wakataka kitu cha kubebwa kwa lori, kitandazwe na watu wa kawaida kwa mikono, halafu kikunjuliwe na kuhamishwa. Novemba 1941, wakati wa mazoezi makubwa ya kijeshi, vipande hivi vilitandazwa karibu na kijiji kinachoitwa Marston, North Carolina, na jina la kijiji likakwama kwa chuma mpaka leo.

Kipande kimoja ni kama kilo 30, watu wawili wanabeba wakipiga stori. Upande mmoja kina ndoano, upande wa pili kina nafasi za kuingiza ndoano za jirani yake. Mashimo yalipunguza uzito na kupitisha maji. Lakini usidhani ni kitu kidogo. Piga hesabu: uwanja wa urefu wa futi 3,000 na upana wa futi 150 unataka vipande 36,000. Hizo ni tani zaidi ya 1,000 za chuma, na huo ni uwanja mfupi. Waingereza nao walikuwa na wao, wavu wa waya uliokazwa kwa fito za chuma, uliobuniwa na Kurt Sommerfeld, mhandisi Mjerumani aliyekuwa akiishi Uingereza. Mwepesi zaidi, lakini pia mwepesi kukunjika.

Chuma ni chuma, hata fundi amesema. Kitu kilichonikalisha usiku nikisoma ni vile walikipima.

Vicksburg, Mississippi, kuna kituo cha wahandisi wa jeshi kilichoanzishwa 1929, baada ya mafuriko makubwa ya 1927, kusoma tabia ya mito. Jina lake Waterways Experiment Station. Watu wa maji wakajikuta pia wanasoma viwanja vya ndege, na ukifikiria inaeleweka, kwa sababu adui wa uwanja wa ndege ni maji yaliyoingia kwa udongo. Baada ya vita, na hasa miaka ya 1950 na 1960, kila mkeka mpya ulioletwa na kiwanda ulipelekwa pale uvunjwe.

Utaratibu wenyewe ni huu. Wanachimba mtaro mpana, mara nyingi chini ya paa ili mvua isiharibu hesabu. Wanaujaza udongo mzito wa mfinyanzi wa bonde la Mississippi, ambao wenyeji wanauita "buckshot" kwa sababu ukikauka unapasuka vipande vidogo kama risasi za bunduki ya ndege. Ukilowa unakuwa uji. Ukiniuliza mimi, huo ni binamu wa udongo wetu mweusi, ule tunaita "black cotton," jina lililotoka India kwenye mashamba ya pamba. Wanaumwagia maji kwa kipimo, wanaushindilia tabaka kwa tabaka, halafu wanapima nguvu yake. Hawatafuti udongo mzuri. Wanautengeneza ukiwa mbaya makusudi, na wanahakikisha ubaya uko sawa kila mahali, ndiyo mkeka ukifeli ijulikane ni mkeka.

Nguvu ya udongo inapimwa kwa kitu kinaitwa CBR. Kilianzia kwa O. James Porter, mhandisi wa barabara wa California, mwishoni mwa miaka ya 1920, na jeshi la Marekani likakichukua kwa viwanja vya ndege mwaka 1942. Unasukuma kijiti cha chuma kwenye udongo, unalinganisha nguvu uliyotumia na ile ambayo kokoto nzuri iliyopondwa ingehitaji. Kokoto ni 100. Udongo wa majaribio ya Vicksburg mara nyingi uliwekwa CBR 4.

Nne! Kwa mwongozo wa barabara wa Kenya, udongo wa kati ya 2 na 5 ndio daraja la chini kabisa, S1. Chini ya hapo mwongozo unakuambia uutoe au uutibu kwanza. Kwa hivyo hao jamaa walikuwa wanapima ndege za kivita juu ya kitu ambacho kwetu ni barabara ya kuteremka Ngurubani mwezi wa tano.

Nikiwa kampasi niliwahi kuivunja hiyo mashine ya CBR ya maabara, ama tuseme ilivunjika nikiwa nimeishika. Lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.

Mkeka ukishatandazwa juu ya huo uji, wanaleta gari la mzigo. Ni tela lililotengenezwa lishike tairi halisi la ndege, limelundikwa vyuma na risasi mpaka uzito utimie, na linavutwa na trekta. Kwa mikeka ya alumini ya AM2, ile iliyotumiwa na Marekani Vietnam, tairi moja lilibebeshwa pauni 27,000, yaani zaidi ya tani 12, likiwa limejazwa upepo wa presha 400. Kwa watu wa malori naomba mnisikize hapa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya uzito wa magari inaruhusu tani 10 kwa ekseli yenye tairi nne. Hawa waliweka tani 12 kwa tairi moja. Na lori lako linatembea na presha kama 100 hivi, kwa hivyo hilo tairi la ndege ni gumu kama jiwe, halilali chini, linachoma kama kisigino cha kiatu cha harusi kwenye nyasi.

Halafu linatembezwa. Mbele, nyuma, linasogezwa kando upana wa tairi, mbele, nyuma tena. Hapa kuna ujanja mzuri. Ndege hazitui mahali pamoja. Moja inakanyaga hapa, nyingine hatua moja pembeni. Kwa hivyo hawahesabu safari peke yake, wanahesabu ni mara ngapi kila sehemu ya njia imekanyagwa yote. Njia ikikanyagwa yote mara moja, hiyo ni moja. Mkeka wa daraja la kati ulitakiwa kuvumilia mara 1,000 za tairi la pauni 25,000 kwenye CBR 4. AM2 ulitakiwa kufika 1,600.

Na kila baada ya kipindi, trekta inasimama, mtu anashuka na rula ndefu na daftari. Anapima mabonde. Anahesabu vipande vilivyopasuka, ndoano zilizokatika, kona zilizoinuka. Mkeka ukifanya bonde la inchi tatu, ama moja ya kumi ya vipande ikiwa imeharibika, kwa kawaida waliandika: umefeli. Wanaandika ulifeli kwa mara ya ngapi. Kisha wanaufunua, wanachimba udongo wa chini na kuupima tena, kwa sababu wanataka kujua nani alikufa kwanza, chuma ama ardhi.

Mara nyingi ni ardhi. Mashimo 87 yaliyopunguza uzito yalikuwa pia milango: tairi likipita, tope linapigwa pampu kutoka chini, linaruka juu kupitia mashimo, na kila tope lililotoka limeacha pango chini. Ndiyo maana mikeka ya baadaye kama M8A1 ilitengenezwa bila mashimo, na chini yake wakaanza kutandaza turubai la nailoni lililopakwa mpira. Kitu kingine ambacho sikukitarajia: mahali ndege inagusa chini kwa kishindo sipo panapoumia zaidi. Panapoumia ni njia za kutembelea polepole na mwisho wa uwanja ndege inaposimama kungoja. Ikikimbia, mabawa yanabeba sehemu ya uzito. Ikitambaa, ardhi inabeba yote na inabeba kwa muda mrefu. Uliza matuta yaliyo stejini, mahali matatu zinajipanga na malori yanangoja nafasi. Lami inakunjika pale kabla haijakunjika kwingine.

Na vita ikaja kukagua mtihani. Mwaka 1965 Wamarekani walitandaza AM2 huko Chu Lai, pwani ya Vietnam, juu ya mchanga na laterite. Laterite ndiyo hii murram yetu. Ndege zikaanza kuruka mwanzo wa Juni, picha zikapigwa, kila mtu akafurahi. Baadaye mvua na msongamano vikapata njia ya kuingia chini, msingi ukahama, mikeka ikawa mawimbi, ikabidi ifunuliwe na msingi utengenezwe upya. Mkeka wenyewe haukuwa umevunjika. Ulikuwa umelala juu ya kitu ambacho hakipo tena.

Kufika mwisho wa miaka ya 1960 wakaleta Vicksburg mzigo wa ndege ya C-5A, dude la magurudumu 28. Walijenga gari la majaribio la magurudumu 12, sawa na nusu ya miguu mikuu ya hiyo ndege, kama pauni 360,000 kwa jumla. Swali lilikuwa: ukigawa uzito kwa magurudumu mengi, udongo unadanganyika? Jibu ni ndiyo na hapana. Karibu na juu, kila tairi linasikika peke yake, kwa hivyo kugawa kunasaidia. Chini zaidi, mizigo ya matairi yaliyo jirani inakutana na udongo unasikia kitu kimoja kizito. Wale wanaoongeza ekseli kwa tela halafu wanaongeza na mchanga, hiyo yenu imeandikwa hapo.

Sasa nirudi mlimani, kwa sababu huku kwetu pia uzito wa ndege umewahi kuamua mambo.

Tarehe 6 Februari 1952 Elizabeth aliamka Treetops, Nyeri, bila kujua babake amekufa Sandringham, Uingereza. Habari ilimfikia Sagana Lodge, kule Kiganjo. Kila mtu anajua kipande hicho, kimefanywa sinema mpaka kimechosha. Kipande ambacho hawakionyeshi ni barabara ya kurudi nyumbani. Malkia mpya wa milki yote ile alipelekwa kwa gari hadi Nanyuki, akapanda Dakota, ndege ya injini mbili ya tani kama 12, mpaka Entebbe. Ndege yake kubwa, Argonaut ya injini nne na zaidi ya tani 35, ilikuwa inamngoja huko Uganda. Uwanja mdogo wa Nanyuki haukuwa wa dude kama hilo. Taji au hakuna taji, udongo hauulizi.

Miezi mitatu baadaye, Mei 1952, ndege ya kwanza ya jeti ya abiria duniani, Comet, ilianza safari za London hadi Johannesburg. Ilitua Entebbe. Ilitua Livingstone. Nairobi ilipitwa juu kwa juu! Uwanja wa Nairobi wakati huo ulikuwa Eastleigh, kituo cha jeshi la anga la Uingereza, na kwa mji uliojiona kichwa cha Afrika Mashariki hiyo ilikuwa aibu ya kutosha kujenga uwanja mpya.

Oktoba mwaka huo huo Hali ya Hatari ikatangazwa. Na hapa uzito wa ndege ukagawanya kazi. Harvard, ndege ndogo zisizofika hata tani tatu, ziliweza kuishi Mweiga, hapo chini ya Aberdare, na kuinuka na vibomu vya pauni 20. Lincoln, za injini nne na zaidi ya tani 30 zikijazwa, zilikuja kutoka Uingereza kwa zamu kuanzia Novemba 1953 na zilibidi ziruke kutoka Eastleigh, Nairobi, kuja kumwaga mabomu ya pauni 500 na 1,000 kwenye misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Shosho yangu alikuwa mtoto. Anasema walikuwa wanahesabu mlio, sio ndege, kwa sababu mawingu yalificha ndege. Milio mingapi, halafu kimya, halafu dirisha linatetemeka.

Uwanja mpya ulijengwa Embakasi. Nenda usimame pale nje ya ua wa uwanja mvua ikinyesha uangalie viatu vyako: udongo mweusi, ule ule wa Mwea, umelala juu ya mwamba. Kwa njia ya ndege kubwa hakuna mkeka unaotosha hapo kwa miaka. Huo udongo unavimba ukilowa na unapasuka ukikauka, na chochote unachoweka juu yake kinafuata. Unautoa. Unachimba mpaka upate kitu kigumu, unajaza mawe na murram, unashindilia, ndiyo uanze kufikiria lami.

Waliochimba ni wafungwa wa Hali ya Hatari. Majembe, sururu, karai. Wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, watu wa huu mlima uliokuwa unapigwa mabomu. Huku kwetu wenzao walikuwa kwenye kambi za Mwea, Thiba, Gathigiriri, Kandongu, Karaba, wakichimba mifereji ya mpunga kwenye udongo huo huo mweusi kuanzia 1954. Ile mifereji unayoipita ukienda kununua pishori. Na Embakasi ulifunguliwa Mei 1958 na Gavana Evelyn Baring, yule yule aliyetia sahihi Hali ya Hatari.

Babake shosho alikuwa Embakasi. Shosho hajawahi kupanda ndege, na mtu akitaja JKIA mbele yake hafikirii Dubai. Anafikiria mgongo. Babake alirudi na mgongo ambao haukunyooka tena, na hakuwahi kusema alibeba nini, mara ngapi, kwa miaka mingapi.

Hapa ndipo mimi nilikwama. Ripoti za Vicksburg zipo. Unaweza kuketi Kutus na bando ya shilingi ishirini ukasoma kwamba kipande fulani cha chuma, safu fulani, kilipasuka ndoano baada ya mara fulani kukanyagwa, na picha ya ufa iko hapo na rula kando yake. Chuma kilichokufa zaidi ya miaka hamsini iliyopita kina faili. Sasa tafuta faili za waliobeba karai Embakasi. Kabla ya uhuru Waingereza walichoma sehemu ya makaratasi ya Hali ya Hatari, na mengine wakayasafirisha na kuyaficha Hanslope Park, Uingereza, mpaka kesi ya wazee wa Mau Mau ikayafukua mwaka 2011. Mwaka 2013 serikali yao ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Mzee wetu alikuwa amekufa kitambo, hakuwa kwa hiyo orodha wala nyingine yoyote.

Mtu ataniambia nalinganisha vitu visivyolingana, chuma na watu. Nalinganisha daftari mbili. Serikali yoyote inayojua kuhesabu ndoano inajua kuhesabu watu. Kuacha kuhesabu ni uamuzi, na kuchoma hesabu ni uamuzi mwingine.

Na sisi tuliorithi hiyo nchi tumerithi na tabia. Oktoba 1958, miezi mitano tu baada ya Embakasi kufunguliwa, Wamarekani walianza jaribio kubwa la barabara huko Ottawa, jimbo la Illinois. Malori yalizungushwa kwenye vitanzi vya barabara mpaka 1960, kila kitanzi na uzito wake, mpaka barabara zife. Pale ndipo ilipothibitishwa kitu ambacho kila dereva wa Kutus angepaswa kukijua kama namba yake ya simu: ukiongeza uzito wa ekseli mara mbili, uharibifu hauongezeki mara mbili, unaongezeka kama mara 16. Hiyo hesabu iko kwa vitabu vyetu vyote vya uhandisi. Mimi mwenyewe nilifanyiwa mtihani juu yake na nikapita.

Lakini niambie ni barabara gani hapa kwetu umewahi kuona bango linalosema imetengenezwa kubeba ekseli ngapi, za tani ngapi, kwa udongo wa CBR ngapi. Bango linakuambia mkandarasi, linakuambia pesa, linakuambia kilomita. Siku ya kufungua kuna hema, kuna tenti la wageni, kuna mkasi. Barabara inafungwa utepe ikiwa haijawahi kubeba chochote kizito kuliko gari la mheshimiwa. Msimu wa mavuno ya mpunga ukifika ndipo mtihani unaanza, na wanaofanyiwa mtihani ni dereva wa lori, mama wa nyanya na mwanafunzi wa boda, na hakuna mtu ameshika daftari.

Siongei hivi kwa sababu nachukia wahandisi. Nilitaka kuwa mmoja wao. Klipu yangu ya malori iliyozama ilipata watu wengi kuliko kitu chochote nimewahi kupost, na karibu wote walikuwa wanacheka dereva. Nilikuwa na kamera dakika arobaini mbele ya tope hilo na sikupima hata kina cha shimo. Nilichukua tu picha ya mtu akihangaika. Hiyo nayo nimeihesabu dhidi yangu.

Kwa hivyo wiki iliyofuata nilirudi karakana na futi ya fundi nguo, kwa sababu ndiyo shosho alikuwa nayo. Kipande cha chuma ni futi 10 kamili. Kona moja imekatika ndoano. Nikamuuliza fundi ni malori mangapi yamekikanyaga tangu kije hapo. Akacheka, akasema hajui, mia tano, elfu, nani anahesabu. Nikamwambia stori ya Vicksburg, ya trekta na mtu wa daftari. Kijana wake wa mkono, yule anayefunga nati, alikuwa anasikiza akiwa chini ya lori, na hakusema kitu.

Nilipopita tena baada ya siku kumi nilikuta vijistari vya chaki ukutani kando ya mlango, vimepangwa tano tano, kila cha tano kimelazwa juu ya vinne. Malori yaliyojaa chaki nyeupe, matupu chaki ya buluu. Fundi anasema kijana amekuwa mwendawazimu, dereva akiingia anaulizwa amebeba magunia mangapi kabla hata ya kuulizwa gari inaumwa wapi. Jana walikuwa 63 nyeupe. Kona ya kushoto imeanza kuinuka, kama kidole hivi, na kijana ameweka alama ya mkaa kwenye jiwe lililo kando ili ajue ikipanda.